Magamba ya Samaki Mmoja: Niliyojifunza Kwenye Warsha za Kanivali

Kitu cha kwanza ninachopima nikifika kwenye ukumbi wa warsha ni mlango. Upana, urefu, ngazi kama zipo, kisha kona ya kutokea barabarani. Wasanii wageni hucheka wakiniona nimeshika futi kamba hata sijamaliza kusalimia watu, lakini kikaragosi chenye kichwa cha mita mbili kikikwama mlangoni asubuhi ya maandamano ya kanivali, hakuna anayecheka. Kwa hiyo kila kitu kikubwa tunakijenga kwa vipande. Kichwa peke yake, mabega peke yake, mikono inaning'inia kwa kamba, na maungio yote yanafungwa kwa mkono bila mtu kukimbilia koleo.

Kazi yangu ni kuendesha warsha za namna hii. Watu wa mitaa jirani wanakutana jioni na mwisho wa wiki kwa miezi kadhaa, wanabuni, wanashona, wanapaka rangi, wanajifunza midundo na hatua za kucheza, halafu siku moja wanatoka barabarani pamoja. Hakuna anayelipa ili ashiriki na hakuna anayechujwa. Mtazamaji anaona saa chache za rangi na kelele. Mimi nimeishi zaidi na ile miezi, na kubwa nililolipata humo ni hili: ukimpa mtu kazi tu, umepata kibarua wa bure. Mpe jambo la kuamua, ndipo kanivali inakuwa yake.

Hilo nililiona nikiwa bado msaidizi, chini ya msanii mmoja mwenye kipaji kikubwa. Alichora joka zima kwenye karatasi, kila sehemu na namba yake, na watu walipofika walipewa brashi na kuelekezwa: hapa bluu, pale kijani. Joka lilikuwa zuri, sina ubishi nalo. Ila watu walizidi kupungua kila wiki, na mwishoni tukabaki sisi wasaidizi tukipaka rangi usiku na kusinzia juu ya makopo. Siku ya maandamano wengi wa wale waliokuwa wameshika brashi walisimama kando ya barabara wakapiga makofi kwa adabu, kama wageni kwenye harusi ya watu wasiowajua.

Nilipopewa warsha ya kusimamia mwenyewe, tulitengeneza samaki. Kiunzi kilikuwa cha fito, na tulikubaliana mwili mzima uvikwe magamba ya vitambaa na plastiki iliyokwisha kutumika. Masharti yalikuwa mawili tu: gamba litoshe kiganja kilichokunjuliwa, na liwe na matundu mawili kwa juu ya kufungia. Mengine yote yalikuwa ya mwenye gamba. Kijana mmoja alibandika tiketi za basi zilizokuwa zikijaa mfukoni mwake. Seremala alileta gamba la maranda aliyoyagandisha kwa gundi, likawa zito kuliko yote na likatupa tabu ya kulifunga. Bibi mmoja alishona lake kwa utulivu, akaweka kifungo kikubwa cha koti katikati. Nilipomuuliza sababu akanitazama kama mtu asiyejua mambo. "Mwanangu, samaki mkubwa hivi lazima awe na pa kufungulia."

Bibi yule alikuja mara moja tu. Siku ya maandamano nilimwona amesimama mbele kabisa, akimvuta jirani yake mkono: "Subiri ageuke, kifungo changu kiko ubavu wa kushoto."

Kwenye mchoro wangu samaki hakuwa na meno. Watoto walilijadili, wakapiga kura, samaki akaota meno.

Tangu hapo napanga warsha kwa kumfikiria yule anayekuja mara moja. Watu wa mtaani wana zamu, wagonjwa, watoto na uchovu. Ukiwadai waje kila wiki, utabaki na wenye nafasi tu, na hao hawafanani na mtaa. Lazima kuwe na kazi inayoanza na kuisha ndani ya saa moja, na ambayo mtu ataitambua akiiona barabarani. Zipo pia kazi za watu wanaotaka kurudi: kushona vazi zima, kujenga kichwa, kujifunza ngoma. Na wapo wachache wasiokosa hata siku moja, ambao ndio wanakuwa walimu wa wengine bila kuteuliwa na mtu. Kundi hilo la mwisho nalipenda lakini nalichunga. Wakizoea, huanza kuwaambia wageni "sisi huwa tunafanya hivi", na mgeni anayesikia hivyo hatarudi.

Kuhusu vifaa naweza kuzungumza hadi mniombe ninyamaze. Gundi yetu ni unga wa ngano na maji, inachemshwa hadi iwe uji mwepesi, na inatiwa chumvi kidogo ili isivunde haraka. Karatasi inachanwa kwa mkono, haikatwi kwa mkasi, kwa kuwa ukingo uliochanika hulala vizuri juu ya mwenzake na mshono hauonekani. Tabaka la kwanza tunatumia magazeti, la pili karatasi nyeupe, la tatu magazeti tena. Kwa njia hiyo hata mtoto anaona kwa macho ni wapi tabaka halijakamilika. Kila tabaka likauke kabla ya kuongeza jingine. Mtu mwenye haraka akipandisha matabaka yote siku moja, nje panakauka na ndani panaota ukungu, na kichwa kinanuka hadi siku ya kukivaa. Aliye ndani ya kichwa hicho hana pa kukimbilia.

Karatasi inaonekana kifaa cha watoto wa shule, ila wenye kanivali kubwa duniani wanaiheshimu. Viareggio, nchini Italia, wamekuwa na maandamano ya magari yaliyopambwa tangu 1873. Mwaka 1925 fundi wao Antonio D'Arliano alileta njia ya kufinyanga umbo kwa udongo, kutoa kalibu ya plasta, kisha kubandika vipande vya karatasi na gundi ndani ya kalibu. Kinachotoka ni ganda jepesi lenye nguvu, na wepesi huo ndio ulioruhusu sanamu zao kuwa kubwa mno. Sisi hatutengenezi sanamu za ukubwa ule. Tunachochukua ni kalibu: ukiwa na kalibu moja ya uso, watu wengi wanaweza kutoa kila mmoja wake, nyuso zikafanana kama za ndugu huku kila mtu ameamua nyusi, mdomo na makunyanzi.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa familia zenye watoto wadogo, nayo ni taa. Kundi la wasanii la Welfare State International, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1968, lilianzisha maandamano ya taa katika mji wa Ulverston mwaka 1983, baada ya waongozaji wake John Fox na Sue Gill kuona maandamano ya taa nchini Japani. Fito nyembamba zinazopindika zinafungwa ziwe umbo, zinavikwa karatasi laini iliyopakwa gundi, na mwanga unawekwa ndani. Taa ya kwanza ambayo mtu yeyote anaweza kuitengeneza ni piramidi ya fito chache. Mwenye uzoefu atatengeneza ndege au meli. Usiku, vyote viwili vinawaka sawasawa, na hakuna anayesimama kando akijiona mkono wake mzito. Nimewahi kuchagua kutembea usiku kwa sababu hiyo tu.

Kitu kikishajengwa kinahitaji mwili wa kukibeba, na hapo ndipo nimeona michoro mingi mizuri ikishindwa. Peter Minshall, mbunifu wa mavazi ya kanivali kutoka Trinidad, kisiwa cha Karibi, alifahamika kwa mavazi makubwa yanayochezeshwa na mwili wa mvaaji wenyewe: mabawa na vitambaa vinaunganishwa na mikono na miguu, akipiga hatua vazi zima linaishi. Ustadi huo ulimfikisha hadi kwenye sherehe za ufunguzi wa Olimpiki za Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Kwangu mimi somo lake ni la mpangilio wa kazi: cheza kwanza, pamba baadaye. Tunavaa kiunzi kikiwa kitupu, bila kitambaa hata kimoja, tunatembea nacho nje, tunageuka, tunainama, tunakaa chini na kuinuka. Kama kinachubua bega kikiwa kitupu, kitaumiza zaidi kikipambwa. Uzito tunaushusha kiunoni kwa mkanda mpana, maana mabega huchoka haraka. Bendera na migongo mipana tunaitoboa au tunaiacha wazi sehemu fulani ili upepo upite. Asiyewahi kubeba tanga barabarani hawezi kuamini nguvu ya upepo mdogo kwenye kona ya jengo. Nyaya za umeme nazipima kwa macho kwanza, halafu namwita anayejua kuzipima kweli.

Watu hupenda kusema kwamba kinyago humpa mwenye haya ujasiri. Sikatai, nimeliona. Lakini nimeona zaidi jambo ambalo halitajwi sana: aliye ndani ya kikaragosi kikubwa haoni karibu chochote. Anaona kipande cha lami na viatu vya watu. Anahitaji mtu wa kutembea mbele yake, anayemwambia "ngazi", "shimo", "simama", "mtoto mbele yako". Tunamwita macho. Kazi hiyo haina vazi la kung'aa wala picha, na ndiyo naipangia watu kwa uangalifu kuliko zote. Nimewaacha wabebaji wachague macho yao wenyewe, na machaguo yao hunishangaza. Kijana mmoja mwenye nguvu, ambaye wenzake wote walitaka kumwongoza, alimchagua mama mtu mzima kutoka meza ya kushona. Sababu yake: "Huyu mama hapigi kelele, nikisikia sauti yake najua ni jambo la kweli."

Muziki nao. Tangu mwanzo nimekataa vipaza sauti na magari, na uamuzi huu sikuutoa hewani. Zinneke, maandamano ya Brussels yaliyoanza mwaka 2000 na hufanyika kila baada ya miaka miwili, yanajengwa kwa warsha za wakazi na wasanii, na barabarani hayaruhusu injini wala sauti ya kukuzwa kwa umeme. Mtu akisikia kanuni hiyo huona ni umaskini. Jaribu uone. Kipaza sauti kimoja kinawageuza watu mia kuwa wasindikizaji wa gari. Kikiondoka, ghafla kila kundi linahitaji wapigaji wake, na mtu ambaye hajui kushona wala kuchora anapata nafasi, kwa kuwa mikono ya kupiga kopo kila mtu anayo.

Wakiniambia hatuna ala, nasimulia ya Trinidad. Wenye mashamba wa Kifaransa walikuwa na dansi zao za vinyago majumbani. Watumwa walipopata uhuru katika miaka ya 1830, waliingia barabarani na sherehe yao, Canboulay, kwa mienge, fimbo na ngoma. Mwaka 1881 polisi walijaribu kuizima mjini Port of Spain, na watu wakapambana nao. Miaka hiyo hiyo ya 1880 serikali ya kikoloni iliwabana wapiga ngoma kwa sheria, watu wakahamia kwenye vipande vya mianzi, wakivigonga ardhini kwa urefu tofauti ili vitoe sauti tofauti. Baadaye yakaja makopo na vyuma, na kufikia miaka ya 1930 na 1940 pipa la chuma likawa ala kamili. Baada ya hadithi hiyo hakuna anayeniomba spika. Wanaanza kugonga meza.

Kwa mwendo, nategemea pia kisa cha Notting Hill, mtaa wa London. Mwanaharakati Claudia Jones alikuwa amekwisha kufanya kanivali ya Wakaribi ndani ya ukumbi wa St Pancras, London, mwezi Januari 1959, baada ya ghasia za kibaguzi za mwaka 1958. Mwaka 1966 Rhaune Laslett, mfanyakazi wa jamii wa Notting Hill, aliandaa tamasha la mtaa kwa ajili ya watoto na majirani wa kila asili, na bendi ya Russell Henderson, ikiwa na mapipa yao shingoni, ikaamua kutembea. Watu wakaifuata. Ndivyo kanivali kubwa ya barabarani ilivyopata miguu. Nalipenda tukio hilo kwa kuwa linaonyesha nani anaongoza mwendo: ni mpigaji anayetembea na kuhisi nyuma yake kuna watu. Gwaride la kijeshi katika majeshi mengi huenda hatua 120 kwa dakika. Kanivali yenye watoto, vikaragosi na wazee haiwezi hata kuusogelea mwendo huo, na wapigaji wakichangamka kupita kiasi, mapengo yanafunguka katikati na nusu ya maandamano inakimbia kuifukuza nusu nyingine. Tunaweka kundi la polepole kuliko yote karibu na mbele, na ngoma kubwa nyuma yake. Wote wanafuata pumzi ya hao.

Nisiwadanganye kwamba kuwapa watu uamuzi kunaleta amani. Kunaleta ugomvi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuusikiliza. Mfadhili mmoja alitaka nembo ya kampuni yake ichorwe kwenye tumbo la samaki. Maandamano ya jua la kiangazi ya Fremont, Seattle, yaliyoanza 1989, yanakataza maandishi na nembo kabisa, na tulikuwa tumeiazima kanuni hiyo. Ilikuwa rahisi kumkatalia kwa barua. Kikao cha warsha kikaona afadhali ajibiwe kwamba kila mtu ana gamba moja, naye anakaribishwa kutengeneza lake, bila maandishi. Alinuna. Akamtuma mfanyakazi wake kijana, ambaye alikata gamba jioni moja, akaona mazoezi ya ngoma yakiendelea chumba cha pili, na hadi leo anapiga kengele kwenye kundi letu. Fedha za bosi wake zilipungua mwaka uliofuata. Tuliishi.

Ugomvi mgumu zaidi ulikuwa wa dhihaka. Kanivali tangu zamani ina ruhusa ya kumcheka mkubwa: bwana shamba, hakimu, tajiri. Vijana wetu walitaka kumwiga mtu wa mtaani anayeongea peke yake, mwendo wake na mfuko wake, na kusema kweli mwigaji alikuwa na kipaji, ukumbi mzima ulicheka. Mama mmoja hakucheka. Alingoja watulie, akasema, "Mwanangu, huyo ana mama yake, na siku hiyo mama yake atakuwa amesimama pale kwenye kona." Hakuongeza neno. Mwigaji aliketi. Wiki iliyofuata alirudi na igizo la ofisa anayetafuta muhuri wake huku ameukalia, na lile la kwanza halikutajwa tena. Mimi sikuwa nimesema kitu, na nadhani ningesema, ningelibomoa.

Wafadhili huuliza watazamaji walikuwa wangapi. Nawajibu kadiri ninavyoweza, kisha naambatisha ukurasa wasiouomba: nani aliamua nini. Meno ya samaki, watoto wa meza ya rangi. Kutopita barabara kuu, wazee, kwa sababu ya jua. Rangi ya mavazi ya wapigaji, wapigaji wenyewe, baada ya ugomvi. Kiti cha magurudumu kuwa mashua na si gari, mwenye kiti. Ofisa mmoja alinipigia simu kuuliza kama ukurasa huo ulitumwa kwake kimakosa.

Baada ya maandamano kuna jambo ambalo bajeti nyingi zinalisahau: vitu vitakwenda wapi. Kuna makundi yanayochoma kila kitu, na ni njia halali. Mengine huhifadhi: Bread and Puppet, kundi la maigizo ya vikaragosi ambalo Peter Schumann alilianzisha New York mwaka 1963, lilihamia baadaye Vermont na kuwa na ghala lenye vikaragosi vya miaka mingi. Sisi hatuna ghala wala moyo wa kuchoma. Tunakaa siku nzima kufungua, na yeyote anaweza kuja kuchukua alichokitengeneza. Karatasi inalowekwa tena, waya unanyooshwa, vitambaa vinarudi kwenye magunia. Fito nzuri zinawekwa darini.

Uti wa mgongo wa yule samaki ulibaki mzima, na msimu uliofuata ukawa kisa. Vijana walitaka uwe mjusi. Meza ya kushona ilitaka mti ulioanguka, wazo ambalo mimi binafsi nililipenda na nikanyamaza nalo. Wazee walitaka treni. Mabishano yalikwenda hadi mlinzi wa ukumbi akaja kutukumbusha saa, na treni ikashinda, kwa hoja ya mtoto mmoja kwamba mjusi ni mmoja, lakini kwenye treni kila kundi litapata behewa lake na kulipaka litakavyo. Vijana walikubali kwa sharti moja: kichwa cha treni kiwe na ulimi.